Pampu ikifa usiku: mwongozo kamili wa kuokoa tangi la samaki wa maji ya chumvi

Stima ilipotea saa nane za usiku, ikarudi alfajiri. Niliamka nikaona taa ya tangi inawaka, nikasikia feni inazunguka, nikaenda kazini bila wasiwasi. Niliporudi magharibi, samaki wangu kangaja alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, mashavu yanapiga mbio, na samaki wangu wawili wa anemoni walikuwa pembe ya juu ya kioo, midomo inagusa uso wa maji. Taa ilikuwa inawaka kweli. Feni pia. Pampu kubwa ndiyo haikuwaka tena tangu usiku ule, na maji yalikuwa yamesimama kutwa katika joto la Machi la Mombasa.

Wengi waliokoka. Samaki mwingine, kitatange, alikufa siku ya pili, na huyo hakuuawa na pampu. Nilimuua kwa papara: nilimwaga zaidi ya nusu ya maji kwa mkupuo mmoja, nikajaza mapya ambayo sikuyapima chumvi. Tangu hapo nimesaidia majirani kadhaa walioharibikiwa, na mara nyingi nimeona lile lile: hitilafu yenyewe huua wachache, na pupa ya kuitengeneza huua waliobaki. Kwa hiyo jambo la kushika hapa ni mpangilio. Hewa, kisha joto, kisha kilichooza, kisha amonia, na mitambo mwisho kabisa.

Kabla hujatia mkono majini

Chomoa plagi. Usizime swichi tu, chomoa kabisa kila waya unaoingia kwenye tangi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana kuliko maji ya bomba, na hita iliyopasuka kioo haitoi dalili yoyote hadi uiguse. Vua viatu vilivyolowa, futa sakafu, ndipo ukaribie.

Halafu simama dakika mbili utazame bila kugusa kitu. Kipimajoto kinasema ngapi? Samaki wako juu wanahema, wamelala chini, au wanakwenda mbio kama waliopofuka? Maji ni maangavu au yamekuwa kama tui? Ukifunua kifuniko, unasikia harufu gani? Harufu ya bahari ni salama. Harufu ya yai viza maana yake kuna mahali maji yamekosa oksijeni kabisa na gesi ya sumu imeanza kutoka. Piga picha kwa simu, utaihitaji kesho ukitaka kujua kama hali inaongezeka au inapungua.

Hatua ya kwanza: hewa

Maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mtoni, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba kidogo zaidi. Kwenye nyuzi 25 maji ya chumvi ya kawaida hushika takriban miligramu 6.7 kwa lita, na yakifika 30 huwa kama 6.2 tu. Wakati huohuo samaki aliye kwenye joto huhitaji oksijeni zaidi. Na usiku matumbawe, mwani na bakteria wote wanavuta kutoka kwenye chungu kimoja. Ndiyo sababu tangi lililojaa samaki linaweza kuanza kuzimika ndani ya saa chache tu maji yakisimama.

Kama una pampu ndogo ya hewa ya betri, iweke sasa hivi. Kama huna, una mikono. Chukua jagi safi lisilowahi kutiwa sabuni, chota maji ya tangi lenyewe, inua kama sentimita 30 juu ya uso wa maji, mimina taratibu ili mkondo uvunje uso na kuzamisha mapovu. Fanya hivyo dakika tano mfululizo, pumzika, rudia kila baada ya robo saa. Mwanangu na mimi tulipokezana jagi la plastiki hadi karibu na usiku wa manane. Baada ya nusu saa ya kwanza kangaja aliinuka, akaegemea jiwe. Baada ya saa moja mashavu yake yalikuwa yanapiga polepole. Si mapovu yenyewe yanayoleta oksijeni nyingi, ni ule uso wa maji unaovunjika na kugeuzwa. Hata pampu ndogo ya mawimbi inayoendeshwa na powabenki, ukiielekeza juu, hufanya kazi hiyo.

Ikiwa maji yameshakuwa meupe na yananuka, usipoteze muda kuyapigia hewa. Wahamishe samaki kwenye ndoo au beseni kubwa lenye maji safi ya bahari ya joto lilelile, pamoja na jiwe la hewa, na ufunike juu kwa wavu maana samaki aliyeshtuka huruka. Usimvue kangaja kwa wavu: ana wembe pande zote mbili za shina la mkia, nao hunasa kwenye nyuzi na kumchana, au ukakuchana wewe. Mwelekeze aingie kwenye kopo kubwa, umtoe pamoja na maji.

Hatua ya pili: joto

Sisi wa pwani adui wetu ni joto. Wa Nairobi adui wao ni baridi, hasa usiku wa Julai. Pande zote mbili sheria ni moja: usibadilishe zaidi ya nyuzi moja kwa saa.

Tangi likipanda juu ya nyuzi 30, ama kwa sababu kiyoyozi na feni vimezimika au kwa sababu hita imegoma kujizima, anza kwa kufungua kifuniko na kuzima taa. Elekeza feni kwenye uso wa maji. Hapa kwetu, wakati hewa imejaa unyevu, feni haipunguzi sana, lakini inasaidia. Gandisha maji kwenye chupa za nusu lita, zifunge vizuri, zifute nje, elea moja baada ya nyingine. Barafu isiyofungwa usitie kamwe, kwa sababu inayeyuka kuwa maji ya bomba, yenye klorini na yasiyo na chumvi. Kumbuka pia kwamba feni hufukiza maji na kuacha chumvi nyuma. Yanayopotea kwa mvuke yafidie kwa maji safi yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vizuri.

Aliyepatwa na baridi afunike tangi kwa blanketi na kuelea chupa za maji ya vuguvugu. Likiwa limeshuka chini ya 22 usilikimbize kurudi 26. Chukua nusu siku.

Hatua ya tatu: toa kilichokufa

Washa tochi, hesabu kila kiumbe ulichokuwa nacho. Samaki aliyekufa huonekana. Wanaoua tangi ni wale wasioonekana: konokono aliyejifungia ndani ya gamba, mnyoo chini ya jiwe, kaa mdogo aliyebanwa. Mtoe konokono, mnuse. Aliye hai ananuka bahari, akiguswa anajivuta. Aliyekufa utamjua kabla hajafika puani.

Kuna viumbe viwili vya kuvitoa bila kungoja uhakika. Anemoni (mnyama laini anayefanana na ua) iliyolegea, mdomo umefunguka na inatoa ute wa kahawia, ikioza huchafua tangi zima kwa siku moja. Na jongoo bahari akifa au akishtuka sana anaweza kumwaga sumu inayoua samaki. Ukimwona amelegea, mtoe kwa kopo pamoja na maji yaliyomzunguka.

Usichimbue mchanga. Mchanga mzito uliokosa hewa una gesi ile ya yai viza imelala chini, na ukiukoroga saa hii unaifungulia mlango. Fyonza uchafu wa juujuu tu kwa mpira mwembamba.

Acha kulisha. Samaki mzima hafi kwa njaa ya siku mbili tatu, lakini kila punje ya chakula inayooza sasa ni amonia.

Hatua ya nne: amonia, na mtego wake

Hapa ndipo wengi hudhani wameshaokoka. Maji yaliposimama, hewa ya ukaa ilijikusanya ndani na pH, kile kipimo cha asidi, ikashuka, yaani maji yakawa na asidi zaidi. pH ikiwa chini, sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Sasa umeanza kupiga hewa, ile hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda kurudi kwenye 8.1 au 8.2, na amonia ileile iliyokuwa imelala inageuka kuwa sumu kali. Ndiyo maana samaki hupata nafuu jioni na kufa asubuhi. Pima amonia mara tu hewa inapotulia, kisha pima tena baada ya saa sita, na tena asubuhi.

Kipimo kikisoma sifuri, shukuru, usibadilishe maji mengi bila sababu. Kikisoma miligramu 0.25 kwa lita badilisha robo ya maji. Kikifika 1.0 badilisha asilimia 30, subiri saa kadhaa, badilisha tena. Hesabu yake ni rahisi: ukitoa asilimia 30 ya maji yenye amonia 1.0 unabaki na 0.7, ukirudia unabaki karibu na 0.5. Awamu mbili zenye mapumziko hazimshtui samaki kama awamu moja ya maji mengi. Nitriti usiiogope sana, maana chumvi yenyewe huwakinga samaki wa baharini.

Ili ujue robo yako ni lita ngapi, zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tangi la 120 kwa 45 kwa 45 ni lita 243, lakini mawe na mchanga hula sehemu, kwa hiyo hesabu kama 200. Robo ni lita 50, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20.

Dawa za kufunga amonia zipo madukani. Zitumie ukikosa maji mapya, kwa kipimo kilichoandikwa na hewa ikiendelea kupigwa, kwa sababu baadhi ukizizidisha hupunguza oksijeni. Dawa yoyote yenye shaba usiikaribishe: inamaliza kamba, konokono na matumbawe.

Maji mapya yatoke wapi

Kwa chumvi ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, koroga takriban gramu 35 hadi 38 kwa kila lita ya maji yaliyochujwa, yaache yazunguke kwa pampu na hewa. Kwa kawaida ningekuambia ungoje siku nzima. Kwa dharura saa tatu nne zitatosha, mradi chumvi yote imeyeyuka na maji yamekuwa maangavu. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo. Ina kloridi ya sodiamu karibu tupu, haina kalisi wala magnesi ambazo viumbe hawa wanazihitaji.

Sisi tulio karibu na bahari tuna neema, ila ina masharti. Chota maji yanapojaa, karibu na kilele chake, wakati maji ya nje ya mwamba yameingia ndani. Yakishaanza kupwa yanarudi na taka za ufukweni. Kaa mbali na hori, bandari, na midomo ya mito: Mombasa epuka Tudor na Kilindini, Dar es Salaam usisogelee kabisa unapoishia mto Msimbazi. Usichote siku chache baada ya mvua kubwa za masika, maana maji ya juu huwa yamechanganyika na ya mvua na chumvi imeshuka. Ingia hadi magotini au kiunoni, zamisha mtungi chini ya uso ili usichote mafuta yanayoelea, yachuje kwa shashi iliyokunjwa mara nne. Mtungi uwe haujawahi kubeba mafuta ya taa wala sabuni. Na usirudi na mawe wala matumbawe, hasa kutoka hifadhi za bahari, ambako kuyachukua ni kosa.

Nyumbani pima. Lengo ni uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, ambao ni karibu gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji. Maji mapya na ya tangi yakitofautiana, sogeza tangi kidogokidogo, usizidi 0.002 kwa siku. Hili ndilo lililomuua kitatange wangu. Tangi lilikuwa 1.028 kwa mvuke wa wiki nzima, maji niliyoleta yalikuwa 1.021.

Hatua ya tano: mtafute mwenye kosa

Samaki wametulia, sasa geukia chombo. Pampu isiyowaka baada ya umeme kurudi mara nyingi haijaungua. Ifungue sehemu ya mbele, zungusha robo, vuta. Ndani utakuta impela, ile sumaku ya mviringo yenye mapanga madogo. Niliposhika yangu ilikuwa imevaa ganda jeupe, gumu kama koga la birika, na konokono mdogo wa ukubwa wa punje ya mtama amejikita kwenye mhimili. Ilipokuwa inazunguka ilikuwa na nguvu ya kuendelea. Iliposimama, haikuwa na nguvu ya kuanza.

Iloweke pampu yote kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, saa moja. Sugua kwa mswaki wa zamani ndani ya tundu la sumaku, suuza mara tatu kwa maji safi. Kabla ya kuirudisha itazame sumaku: ikiwa imevimba, imepasuka au imetoa kutu, itupe. Kutu hiyo humwaga madini majini polepole, na utahangaika miezi ukitafuta kwa nini kamba wanakufa.

Hita iliyokwama haitengenezwi. Nunua nyingine, na ikiwezekana nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili ikikwama moja isiweze kuchemsha tangi.

Chujio la kopo lililofungwa linahitaji onyo la peke yake. Likisimama saa kadhaa bila maji kupita, bakteria waliomo humaliza oksijeni na kuanza kufa. Ukiliwasha bila kulifungua unasukuma ule uozo wote ndani ya tangi kwa sekunde kumi. Lifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Usitumie maji ya bomba, klorini itaua hata bakteria waliosalia.

Kuwasha tena

Rudisha pampu ya mzunguko kwanza, ukiwa umesimama pale. Kwenye matangi yenye sampu (tangi dogo la kuchujia) chini, tazama kama maji yanarudi kwenye alama yake ya zamani au yanaelekea kumwagika. Nusu saa ikipita salama, rudisha pampu ya mawimbi. Skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu, iweke kwenye kiwango cha chini kabisa, kwa sababu baada ya vifo hutoa povu jingi na inaweza kujaza kikombe chake kwa dakika chache. Mwaga, iache iendelee, povu lile ndilo uchafu unaotoka. Hita iwe imezama kabisa kabla ya kupata umeme. Weka mfuko wa mkaa maalumu wa kuchujia, ule wa matangi, sio wa jikoni, uubadilishe baada ya siku tatu nne.

Taa ziwe za mwisho, tena kwa nusu ya mwanga na saa nne au tano tu kwa siku.

Wiki mbili zinazofuata

Bakteria wanaokula amonia huzaana polepole. Kama wengi wamekufa, unaweza kuhitaji wiki tatu hadi sita kurudi ulikokuwa. Ukiwa na rafiki mwenye tangi zima, muombe jiwe moja au kipande cha sponji kutoka kwenye chujio lake, ukisafirishe kikiwa kimelowa maji ya chumvi. Kipande hicho kitakusaidia kuliko maneno mengi yaliyoandikwa kwenye chupa.

Pima amonia kila siku kwa wiki ya kwanza. Anza kulisha siku ya tatu, kiasi kinachoisha kwa dakika moja. Usiongeze samaki mpya hadi usome sifuri wiki mbili mfululizo. Chunguza ngozi za waliopona, maana mfadhaiko hufungua mlango kwa ugonjwa wa madoa meupe.

Matumbawe yanahitaji subira ya aina yake. Yakiwa meupe bado hayajafa. Joto huyafanya yatoe mwani mdogo unaoishi ndani yao na kuyalisha, ndiyo rangi inapotea. Hilo ndilo lililotokea kwa upana wa kutisha kwenye miamba ya Kenya na Tanzania mwaka 1998 bahari ilipopata joto. Yatazame kwa karibu ukitumia tochi. Ukiona nyama laini yenye kung'aa juu ya mfupa mweupe, yako hai: yape mwanga mdogo, mkondo wa wastani, na chakula kidogo usiku. Ukiona mfupa mkavu wenye mwani wa kijani unaoanza kushika, hapo hakuna tena cha kungoja. Sehemu inayooza kwa ute wa kahawia ifyonze ile ile saa, isiambukize ya jirani.

Usiku ujao

Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, hata kabla hujanunua samaki mwingine. Anayetaka zaidi aweke betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu yake kwa pampu ya hewa ya wati 4, na ukitoa hasara ya inveta, una muda wa karibu saa 8. Huo ni usiku mmoja. Kuna nyakati hautoshi, kama wale waliokaa gizani usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulipopotea karibu Kenya nzima, kwa hiyo uwe na betri ya pili au powabenki iliyojaa. Weka mtungi mmoja au miwili ya maji ya chumvi yaliyopimwa, mahali penye giza, na jiwe la hewa ndani.

Kisha chagua Jumamosi moja kila mwezi. Chomoa tangi lote kwa dakika kumi, katikati ya mchana, ukiwa nyumbani. Tazama maji yanavyoshuka kwenye sampu na kama yanakoma kwenye alama. Tazama kama pampu ya betri imejiwasha. Rudisha plagi, weka kiganja mbele ya bomba la pampu kubwa, na usiondoke hapo hadi uhisi maji yanakusukuma.